Jinsi ya Kuonja na Kupima Wiski ya Uskoti ya Bei Nafuu Ukiwa Tanga

Kwenye kaunta nyingi za Tanga wiski hupimwa kwa mambo mawili: inavyochoma koo na jina lililo kwenye lebo. Ikichoma sana inasifiwa kwamba ni kali kweli, ikiwa laini inaachiwa wazee, na ikiwa na jina lisilozoeleka haipewi hata nafasi ya kufunguliwa. Kwa vipimo hivyo mtu anaweza kununua chupa isiyomfaa mwaka nenda mwaka rudi, na hapohapo pembeni yake rafuni kuna nyingine ya bei ileile ambayo angeipenda. Skochi, yaani wiski ya Uskoti, ya mchanganyiko na ya bei nafuu ina mengi ndani yake. Inataka ionjwe kwa utaratibu, mbili au tatu kwa pamoja, lebo zikiwa zimefichwa, na ihukumiwe kwa kazi iliyotengenezewa.

Haya ninayoyaandika ni kwa aliyetimiza miaka 18 na ambaye tayari anakunywa. Asiyekunywa, kwa dini yake au kwa afya yake, asitafute humu sababu ya kuanza.

Kijue kwanza unachokinunua

Kanuni za Uingereza za mwaka 2009 zinasema kinywaji hakiitwi Scotch mpaka kitengenezwe Uskoti, kikae hukohuko Uskoti ndani ya pipa la mti wa mwaloni lisilozidi lita 700 kwa miaka isiyopungua 3, na kitiwe chupani kikiwa na kilevi kisichopungua asilimia 40. Kinachoruhusiwa kuongezwa ni maji na rangi ya karameli, basi. Kwa mnunuzi mwenye hela ya kuhesabu hii ni habari njema sana: chupa ya bei ya chini kabisa, ilimradi ni skochi ya kweli, imepita kwenye masharti yaleyale yaliyopita ile inayofungiwa kabatini.

Mchanganyiko wenyewe ni wa wiski za aina mbili. Moja ni ya kimea cha shayiri, inayopikwa kwenye mitungi mikubwa ya shaba, kwa kawaida mara mbili. Hii ni nzito na ndiyo inayobeba tabia. Ya pili ni ya nafaka, hasa ngano au mahindi, inayopikwa kwenye mtambo wa minara unaofanya kazi mfululizo, wa aina ambayo Aeneas Coffey aliisajili mwaka 1830. Hii ni nyepesi, laini, na gharama yake ni ndogo. Sheria ya mwaka 1860 ilipofungua njia ya kuzichanganya kwenye maghala kabla ya kulipiwa ushuru, watu kama Andrew Usher wa Edinburgh na wenye maduka ya vyakula kama akina Walker wa Kilmarnock walipata biashara iliyoenea dunia nzima. Jina la Red Label, skochi nafuu ya hao akina Walker, lenyewe lilianza mwaka 1909.

Chupa ikiwa ya bei nafuu, tegemea nafaka nyingi kuliko kimea, na wiski changa kuliko kongwe. Huo si udanganyifu. Ndivyo ilivyokusudiwa, kwa sababu walioitengeneza walijua itakwenda na soda, maji au barafu. Ukiihukumu kama vile ni wiski ya miaka 18 ya kunywewa tupu, unaionea.

Kwenye lebo tafuta neno "Scotch". Chupa iliyoandikwa "Whisky" tu, au "Blended Whisky", yaweza kuwa imetengenezwa nchi yoyote, na baadhi yake zina spiriti ya molasi ya miwa. Ukiipenda ni haki yako, lakini usiipange meza moja na skochi ukasema unalinganisha. Namba ya umri, kama ipo, ni ya wiski changa kuliko zote zilizomo, wala si wastani. Pasipo namba, unachoahidiwa ni ile miaka 3 ya kisheria. Maneno kama "Finest", "Special", "Old" na "Reserve" hayana kipimo chochote nyuma yake, yasome upite.

Dukani

Angalia kifuniko kwanza. Pete yake iwe nzima, isizunguke kabla hujaifungua, na pasiwe na alama ya gundi. Kisha stempu ya kielektroniki ya TRA: ipo programu ya simu iitwayo Hakiki Stempu, na kuihakiki palepale dukani hakuchukui muda. Muuzaji mwaminifu hatachukia. Akichukia, hamia duka la pili.

Hapa sitaki mzaha hata kidogo. Pombe ya kughushi inaweza kuwa na methanoli, kilevi chenye sumu, na methanoli haitambuliki kwa pua wala kwa ulimi. Hakuna uonjaji utakaokuokoa nayo. Mtu aliyekunywa akaanza kuona ukungu machoni, kuumwa tumbo na kuhema kwa shida, hata kama ni saa nyingi baadaye, apelekwe hospitali mara moja, Bombo au popote palipo karibu, na chupa iende naye. Kwa hiyo chupa ya bei ya ajabu inayouzwa mkononi, isiyo na stempu, hata kama anayekuletea ni shemeji yako, usiinunue.

Angalia pia chupa ilikokaa. Tanga jua halina huruma, na duka likiwa na dirisha linalotazama magharibi, chupa za pale dirishani zimechemka kila alasiri. Omba iliyo ndani, yenye kivuli, ikiwezekana ndani ya boksi lake.

Bei ipige kwa toti. Chupa ya mililita 750 inatoa toti 30 za mililita 25, ya lita moja inatoa 40, bapa la mililita 200 linatoa 8. Gawanya, ndipo ulinganishe. Mara nyingi bapa ni ghali zaidi kwa toti, lakini kwa kuonja lina faida yake: watu watatu wakichanga wananunua mabapa matatu ya aina tofauti, na hakuna anayebaki na chupa kubwa asiyoipenda.

Matayarisho, na joto la Tanga

Chagua alasiri, kabla ya kula. Ukishakula pweza wa pilipili au pilau, ulimi wako tayari una kazi nyingine mpaka kesho. Sebule iliyofukizwa udi haifai, wala aliyejipaka marashi asikae karibu na glasi. Kibaraza chenye upepo mdogo kinatosha. Upepo mkali wa baharini kule Raskazone ni mtamu kwa mazungumzo, lakini unaiba harufu kabla haijakufikia.

Sasa joto. Miongozo mingi ya wiski imeandikwa kwa nchi za baridi. Inakwambia uionje kwa joto la chumbani, na chumba chao kina nyuzi 20. Chumba chetu msimu wa kaskazi kinapita 30. Kwa joto hilo kilevi kinaruka kutoka glasini na kukupiga puani kabla ya kitu kingine chochote, na wiski nyingi nzuri zimeitwa mbovu kwa sababu hiyo tu. Weka chupa kwenye beseni la maji ya bomba lenye vipande vichache vya barafu, robo saa hivi. Usiiweke kwenye friza. Ukiishika iwe imepoa mkononi, na ukimimina, glasi itoke unyevu mdogo tu kwa nje. Ikitiririka jasho, umezidisha. Iache mezani mpaka ikauke. Msimu wa kusi jioni, mara nyingi hata beseni halihitajiki.

Glasi bora ni ile ndogo ya mvinyo, pana chini na iliyobana juu, kwa sababu inakusanya harufu. Usipokuwa nayo, istikani ya chai iliyo safi inafaa kuliko bilauri pana. Isuuze kwa maji matupu, kwani harufu ya sabuni na ya kitambaa cha jikoni inakaa glasini kuliko watu wanavyodhani. Kila wiski iwe na glasi yake.

Maji yawe ya chupa, yasiyo na chumvichumvi. Ya bomba yana klorini na yatakuharibia kazi. Weka pia mkate mtupu wa kusafisha ulimi, kijiko cha chai, na kikombe cha kutemea. Kutema si ushamba. Wanaochanganya wiski kwa kazi hutumia zaidi pua kuliko koo, na siku nzima wasingeimaliza kama wangekuwa wanameza.

Kuficha lebo ni lazima. Mtu mmoja amimine akiwa chumba kingine, abandike namba chini ya glasi, na aandike siri yake kwenye karatasi. Toti moja kwa kila glasi, tena aina tatu zinatosha; zikizidi hapo pua inachoka na majibu yanakuwa ya kubahatisha.

Rangi

Itazame, ufurahi, uendelee. Karameli inaruhusiwa, kwa hiyo weusi wa wiski haukwambii umri wake wala ubora wake. Michirizi inayoteremka kwenye ukingo wa glasi nayo inasema kuna kilevi, jambo unalolijua tayari.

Pua

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo wengi wanapopaharakisha. Ukishamimina, iache glasi dakika tano. Kisha ilete chini ya kidevu, upandishe taratibu, mdomo ukiwa wazi kidogo ili mvuke usikubane puani. Usiizungushe kwa nguvu na usitumbukize pua. Nusa, toa glasi, vuta hewa safi, rudia. Mnuso wa kwanza karibu wote ni kilevi. Wa tatu na wa nne ndiyo inayosema.

Anza na swali rahisi: ni tamu, ni ya matunda, au ni ya moshi?

Utamu wa vanila, wa tui la nazi, wa kashata iliyoanza kupoa, unatoka kwenye mapipa ya mwaloni wa Marekani yaliyokwisha kutunza bourbon, wiski ya huko Marekani. Sheria ya kule inaitaka bourbon itumie pipa jipya lililounguzwa ndani, kwa hiyo mapipa yaliyotumika yanauzwa kwa wingi, na Uskoti ndiyo mnunuzi mkubwa. Ukipata tende, zabibu kavu au mdalasini, fikiria mapipa ya mvinyo wa sheri wa Hispania. Tufaha bichi na peasi, kama yale mapeasi ya Lushoto yakiwa bado magumu, ni dalili ya wiski za kimea kutoka bonde la mto Spey huko Uskoti. Ganda la chungwa la Muheza likikunjwa kwa vidole na kurusha yale mafuta yake, harufu hiyo nayo utaikuta. Iliki huonekana mara mojamoja.

Moshi unatoka kwenye kimea kilichokaushwa kwa moto wa mboji, yaani udongo mweusi wa kinamasi unaokatwa vipande na kuanikwa. Kisiwa cha Islay, hukohuko Uskoti, ndicho kinachosifika kwa hilo, na moshi wake una dawa, una bahari. Mtu wa pwani ana faida kubwa hapa. Jioni moja tulikuwa tukionja na rafiki aliyekulia vijiji vya wakulima wa mwani. Alinusa glasi namba mbili, akaishusha, akaninong'oneza, "Ami, hii mbona ina mwani uliochomwa?" Hakuwa amewahi kusikia habari ya Islay. Tulipofunua lebo, namba mbili ndiyo iliyokuwa na moshi kuliko zote mezani. Kwa hiyo usitafute maneno ya vitabuni. Andika makumbi ya nazi yanayowaka, andika ng'onda, andika kamba ya mkonge iliyolowa, ikiwa ndicho pua yako inachokwambia.

Kasoro nazo zijue. Harufu ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha ikiwa nyepesi ni ujana wa wiski na inaweza kupungua kwa maji. Ikiwa inatawala, kata alama. Harufu ya boksi lililoloa maana yake kuna uchakavu, aidha wa pipa au wa chupa iliyokaa wazi muda mrefu. Kiberiti kilichowashwa kinavumilika kwa kiasi. Wiski isiyonuka kitu zaidi ya spiriti, hata baada ya dakika kumi, ndiyo inayonisikitisha kuliko zote.

Mdomoni

Funda la kwanza ni la kuuzoesha mdomo. Liwe dogo, ulimeze au uliteme bila kulihukumu. La pili lishike kwa sekunde kama kumi, litembeze juu ya ulimi, chini yake, mpaka kwenye fizi. Kisha meza na utoe pumzi kwa puani.

Jiulize kama utamu uliounusa umefika mdomoni, au puani kulikuwa na asali na mdomoni kuna maji ya moto. Kasoro kubwa ya wiski nafuu ni kuahidi puani na kukosa mdomoni. Jiulize pia uzito wake: inateleza kama maji, au ina mafutamafuta? Nyingi za daraja hili zimechujwa kwa baridi ili zisiingie ukungu zikitiwa barafu, na sehemu ya ule uzito hubaki kwenye chujio, kwa hiyo inayobaki na mwili licha ya hayo inastahili alama.

Kuchoma kuna namna mbili. Kuna kuchoma kwa pilipili manga, kunakokaa ulimini na kuleta utamu nyuma yake. Huko ni kuzuri. Kuna kuchoma kwa juu ya koo, kukavu, kusikoacha kitu isipokuwa hamu ya maji. Hapo ndipo mtu wa kaunta anaposema "kali kweli" na mimi naandika sifuri.

Ladha inayobaki baada ya kumeza ihesabu polepole. Kwa bei hii, ikidumu nusu dakika na ikawa safi, imefanya vizuri. Uchungu wa mbao mwishoni ni kitu cha kuangalia sana. Unaanza kidogo na kwenye toti ya tatu unakuwa kero.

Maji

Toti ya mililita 25 kwa asilimia 40 ina mililita 10 za kilevi. Ukitia kijiko cha chai kimoja na nusu, yaani mililita 8 hivi, imeshuka mpaka asilimia 30. Ukitia maji sawa na wiski, mililita 25, umefika asilimia 20, na hicho ndicho kiwango ambacho wachanganyaji wengi hunusia wakiwa kazini, kwa sababu kilevi kinanyamaza na kasoro zinajitokeza.

Fanya hivyohivyo kwa ngazi. Kijiko kimoja, nusa, onja. Kingine, nusa, onja. Wiski iliyopangwa vizuri inafunguka: matunda yanapanda, moshi unatulia na kuwa mtamu. Isiyopangwa vizuri inasambaratika ikawa maji yenye ukakasi. Mimi naamini zaidi hukumu ya asilimia 20 kuliko ile ya wiski tupu, hasa kwa chupa za daraja hili.

Soda na barafu

Ukimaliza hapo, jaribu kile watakachofanya wanywaji wengi. Toti moja, maji ya soda mara mbili yake, barafu vipande viwili. Usitumie soda ya tangawizi wala kola kwa kupima, kwani sukari yake inazifanya zote zifanane. Baridi inaua harufu, kwa hiyo kitakachobaki kinasikika ndiyo uti wa mgongo wa wiski hiyo. Hapa ndipo yenye pilipili na moshi kidogo, kama Johnnie Walker Red Label, mara nyingi huipiku laini iliyoishinda ilipokuwa tupu. Grant's na Ballantine's Finest, zenye upole wa matunda na vanila, hupendeza zaidi kwa maji kidogo bila soda. Ukiikuta Teacher's, tarajia moshi wa wazi, unaotoka kwa wiski ya kimea ya kiwanda cha Ardmore; hiyo inastahimili soda bila kupotea. The Famous Grouse huegemea matunda makavu. Haya ni ya kukuongoza tu, na uyasome baada ya kuonja, si kabla.

Alama

Natumia alama 20. Pua 6, mdomo 5, ladha inayobaki 3, na 6 zilizosalia ni za tabia yake kwenye maji na soda. Mtu atasema 6 ni nyingi kwa maji. Kwa wiski ya miaka 18 zingekuwa nyingi kweli. Kwa hii, ndiko itakakotumika. Kila mtu aandike yake kimya, bila kuchungulia, maana mmoja akisema kwa sauti "hii ina asali", meza nzima itaona asali.

Funua lebo mwisho, na bei baada ya lebo. Chupa mbili zikipishana alama moja tu, chukua ya bei ndogo bila wasiwasi. Zikipishana tatu au zaidi, na wote mezani mmekubaliana, basi tofauti hiyo inafaa kulipiwa. Mkikosa kukubaliana, rudieni siku nyingine kwa mpangilio tofauti wa namba, kwa kuwa glasi inayonuswa mwanzo daima huonekana kali.

Wakati wa kwenda nyumbani, aliyemeza asipande pikipiki kama dereva. Bodaboda hazikosekani.

Chupa iliyobaki

Isimamishe wima, kifuniko kimekazwa, ndani ya kabati lenye giza mbali na jiko. Juu ya friji si mahali pake, pana joto na mtikisiko. Ikiwa nzima inakaa miaka. Ikishuka chini ya nusu, hewa iliyomo inaanza kuila harufu, na kwa joto letu ningejaribu kuimaliza ndani ya miezi michache au kuihamishia kwenye chupa ndogo safi ya kioo. Iliyoshindwa mezani usiimwage. Itie kwenye soda ya tangawizi na ndimu, barafu kwa wingi, na uwape wageni wanaoipenda hivyo.